Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutengeneza na kupima programu za usimamizi wa mali

Maswali haya tumeyaokota kwenye simu za wateja, kwenye mikutano, na mengine barazani baada ya Alasiri. Twayajibu hapa kama tunavyoyajibu kwa mdomo.

Nyinyi hasa mwafanya nini hapo Malindi?

Twatengeneza na kupima programu za kampuni zinazosimamia mali za watu: mameneja wa mifuko ya uwekezaji, madalali wa hisa na washauri wa fedha. Mteja wa kampuni hizo hufungua simu, huona salio, huweka, hutoa. Nyuma ya skrini ile mna hesabu ya thamani ya vipande (sehemu za mfuko anazomiliki mteja), ada, kodi, faida, na vitabu vya mdhamini anayeusimamia mfuko kwa niaba ya wawekezaji na vya mtunza amana anayehifadhi mali zake. Sisi twashughulika na huko nyuma. Pesa ya mtu hatuishiki, na ukituuliza uwekeze wapi tutakwambia umekosea ofisi.

Kupima ubora si kubonyeza vitufe vyote kuona kama vyafanya kazi?

Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na karibu kila kampuni yajua kuifanya. Swali linalotushughulisha ni jingine: namba anayoiona mteja kwenye simu ndiyo iliyo kwenye vitabu vya mtunza amana? Na je, yuko mtu ndani ya kampuni anayeweza kuonyesha kwa kalamu na karatasi imepatikanaje? Zipo programu zenye skrini za kupendeza mno, lakini ukiuliza senti za jana zilitoka wapi, kila mtu hutazama mwenzake. Programu ya namna hiyo kwetu bado haijaisha.

Ndiyo maana kabla ya kuandika jaribio lolote twaomba kanuni ya hesabu iandikwe kwa lugha ya kawaida na kutiwa saini na mhasibu. Kisha twaihesabu upya sisi wenyewe, nje ya mfumo, bila kutazama msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Mpimaji akinakili hesabu ya mwandishi wa programu, atanakili na kosa lake.

Senti moja itamdhuru nani?

Hili ndilo swali tunalolipenda, basi tuvumilie kidogo.

Chukua mteja mwenye shilingi 1,000 kwenye mfuko wa soko la fedha unaolipa asilimia 11 kwa mwaka kabla ya kodi. Faida ya siku moja ni 1,000 mara 0.11, gawanya kwa 365, yaani shilingi 0.30137. Kodi ya zuio ya asilimia 15 ikitoka, hubaki 0.25616. Kwa mwaka mzima, tukiacha faida juu ya faida, mtu huyu astahili shilingi 93.50.

Sasa mwandishi wa programu ameamua kila usiku ahifadhi desimali mbili tu. Faida inakuwa 0.30. Kodi yake ni 0.045, katikati kabisa ya senti nne na senti tano. Ukifuata kanuni tuliyofunzwa shuleni, nusu hupanda: kodi ni 0.05, mteja hupata 0.25, na mwisho wa mwaka ana 91.25. Ukifuata kanuni iitwayo ya mabenki, ambapo nusu huenda kwenye tarakimu shufwa iliyo karibu, kodi ni 0.04, mteja hupata 0.26, na mwaka ukiisha ana 94.90. Tofauti ya programu hizi mbili ni neno moja kwenye mpangilio. Ukiwa na wateja 40,000 wa salio hilo, ile ya kwanza imewapunja shilingi 90,000, na ya pili imeitoa kampuni shilingi 56,000. Na kodi iliyopelekwa serikalini si sahihi katika hali zote mbili.

Dawa yake yajulikana. Weka desimali nyingi ndani ya mfumo, kadiria mara moja tu pale pesa inapotoka au taarifa inapochapishwa, na usitumie kwa pesa ile aina ya namba ambayo kompyuta haiwezi kuandika 0.1 sawasawa. Lugha nyingi za programu, ukiziuliza 0.1 jumlisha 0.2 kwa aina hiyo, hujibu 0.30000000000000004. Mwanafunzi hucheka, mkaguzi wa hesabu hacheki.

Anayedhani haya ni mambo ya darasani na aangalie Soko la Hisa la Vancouver, Kanada. Kipimo chao cha bei kilianza Januari 1982 kikiwa 1,000. Kila muamala ulipopita, kompyuta ilikata tarakimu za mwisho badala ya kuzikadiria. Novemba 1983 kipimo kilisoma karibu 524, ilhali hesabu sahihi ilikuwa karibu 1,098. Soko lilikuwa likipanda, na mashine kwa muda wote huo ikitangaza kuwa laporomoka.

Mwaka wenu wa hesabu una siku ngapi?

Wategemea unahesabu nini, na jibu hilo lazima liandikwe. Dhamana za serikali za muda mfupi hapa Kenya ni za siku 91, 182 na 364. Tuseme dhamana ya siku 91 kwa asilimia 10. Ukigawanya kwa 365, bei ni 97.5675 kwa kila 100. Ukigawanya kwa 364, ni 97.5610. Kwenye shilingi milioni 100 hiyo ni tofauti ya shilingi 6,500 na kitu. Mara nyingi kosa halimo kwenye msimbo kabisa. Limo kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyeijibu mwandishi wa programu alipouliza.

Kuna kampuni ya uwekezaji iliyowahi kuumia kweli kwa kosa la programu?

AXA Rosenberg ya Marekani ndiyo tunayoisimulia kwa kila mpimaji mpya. Mwaka 2007 kosa liliingia kwenye programu yao ya kuchagua hisa: sehemu moja ilituma namba kwa asilimia, nyingine kwa desimali, na ubadilishaji haukufanyika ipasavyo. Udhibiti wa hatari ukawa hauna nguvu iliyokusudiwa. Mfanyakazi aliligundua Juni 2009. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu wakubwa walilificha, na wateja wakaambiwa Aprili 2010. Februari 2011 SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, ilitangaza kuwa kampuni ingewarudishia wateja dola milioni 217 na kulipa faini ya milioni 25. Faini hiyo ilikuja kwa ajili ya kunyamaza kuliko kwa ajili ya kukosea kuandika msimbo.

Knight Capital nao, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, tarehe 1 Agosti 2012 walipeleka toleo jipya la programu kwenye seva saba na kuisahau ya nane, iliyobaki na msimbo wa zamani. Ndani ya kama dakika 45 walikuwa wamepoteza zaidi ya dola milioni 440. Tangu tuisome habari hiyo, orodha yetu ya kupeleka toleo ina mstari unaosema: hesabu seva.

Wateja wetu hulipa kwa M-Pesa. Mwapima nini hapo?

Karibu nusu ya kichwa cha mpimaji huishia hapo. Ujumbe wa uthibitisho waweza kufika mara mbili, ukachelewa, au ukafika baada ya mteja kukata tamaa na kulipa tena. Mfumo utambue namba ya muamala na kukataa kuiandika mara ya pili. Twatuma ujumbe mmoja mara tatu makusudi, twazima seva katikati, twaleta uthibitisho wa pili kabla ya ule wa kwanza. Salio likiongezeka zaidi ya mara moja, toleo halitoki.

Halafu kuna kikomo. Tangu Agosti 2023 muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku mtu hatumi zaidi ya 500,000. Mama aliyeuza kiwanja anayetaka kuweka milioni moja atatuma mara nne kwa siku mbili. Kila mkupuo wapata bei ya kipande ya siku gani? Ukituma wa pili dakika moja baada ya muda wa mwisho wa kupokea je? Twauliza maswali haya mapema, na mara nyingi ndani ya kampuni yenyewe twapata majibu mawili tofauti.

Jina nalo. Pwani Fatma Mohamed Ali ni wengi, na Mohamed huandikwa Muhammad kwenye kitambulisho na Mohammed kwenye laini ya simu. Mfumo unaodai majina yafanane herufi kwa herufi utawafungia nje wateja halali. Unaokubali lolote utampokea tapeli. Sisi hushauri namba ya kitambulisho iwe ndiyo funguo, jina liwe la kuthibitisha, na penye shaka mtu aangalie kwa macho.

Malindi kuna Waitaliano wengi. Hilo lawahusu?

Sana. Mtu mwenye simu iliyopangwa kwa Kiitaliano huandika 1.500 akimaanisha elfu moja na mia tano. Mfumo uliozoea nukta ya desimali husoma moja na nusu. Twajaribu kila kisanduku cha pesa kwa koma na kwa nukta, na tarehe vilevile, maana 03/04 kwa kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani ni Machi.

Upande wa Lamu mambo ni ya Ghuba. Familia nyingi zina jamaa Omani, na riali ya Omani ina desimali tatu, baisa elfu moja kwa riali. Shilingi ya Uganda, kwa orodha ya kimataifa ya sarafu, haina desimali hata moja. Mfumo ulioandikwa kwa imani kwamba kila sarafu ina senti mia utakwama hapo, nasi twaanza kuupima papo hapo.

Mwaweza kupima mfuko unaofuata sharia?

Ndiyo, na huku Pwani ombi hili huja kila mara. Kenya imekuwa na benki kamili za Kiislamu tangu 2008, na mifuko ya uwekezaji ilifuata mkondo huo. Twapima mambo matatu hasa: orodha ya hisa zinazoruhusiwa isasishwe na mabadiliko yake yabaki kwenye kumbukumbu, faida isiyo halali itengwe kabla ya kugawanywa, na zaka ihesabiwe kama bodi ya masheikh ilivyoamua.

Zaka ina mtego wa kalenda. Asilimia 2.5 ni ya mwaka wa mwezi mwandamo, wenye siku 354 au 355. Kampuni ikifunga vitabu kwa mwaka wa Januari hadi Desemba, kiwango kinacholingana ni takriban asilimia 2.577, na wapo wanazuoni wanaokubali hivyo. Mfumo unaotumia asilimia 2.5 kwa mwaka huo mrefu umepunguza haki ya maskini. Nisabu nayo, yaani kima cha mali kinachowajibisha zaka, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu na hubadilika kila siku, basi twauliza bei ya dhahabu yatoka wapi na ya saa ngapi. Kuhusu nani alipe nini, sisi si masheikh. Twapima kuwa walichoamua wao ndicho kinachohesabiwa.

Sikukuu na saa zaweza kuharibu programu?

Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya umma nchini, na tarehe yake hufuata mwezi kuandama. Aliyeiandika ndani ya msimbo Januari amebahatisha. Orodha ya sikukuu iwe mahali ambapo ofisa wa kawaida aweza kuibadilisha jioni hiyo hiyo, na baada ya kubadilisha, tarehe za malipo ya hisa zisogee zenyewe. Nairobi mauzo ya hisa hulipwa siku ya tatu ya kazi, kwa hiyo sikukuu moja yagusa siku kadhaa nyuma yake.

Saa ndiyo kichekesho. Programu zinazotafsiriwa haraka huchukua saa 11:00 ya asubuhi ya Kiingereza na kuandika "saa 11 asubuhi". Bibi wa Mkomani akisoma hivyo ataelewa alfajiri, na ataona ameshachelewa kabla hajanywa chai. Iandikwe saa tano asubuhi.

Mwatumia data halisi ya wateja wetu kwenye majaribio?

Hapana. Ukituletea hifadhidata yenye majina na namba za simu za watu, tutaifuta na kukuomba nyingine iliyofichwa utambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakupa saa 72 kumjulisha Kamishna data ikivuja na ikiwa na hatari kwa wahusika. Twatengeneza wateja wa bandia wenye tabia za wateja wa kweli: mjane mwenye warithi tisa, kijana mwenye laini mbili, mzee aliyebadilisha sahihi.

Na usalama?

Twaanza na jaribio la kijinga kuliko yote: ingia kama mteja mmoja, kisha badilisha namba ya akaunti kwenye anwani ya ukurasa. Ukiona salio la mtu mwingine, hakuna haja ya kuendelea siku hiyo. Orodha ya 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu, iliweka udhaifu wa aina hii namba moja. Jingine ni wizi wa laini ya simu. Kampuni ikitegemea namba ya siri inayokuja kwa ujumbe tu, aliyeiba laini ameiba akiba. Twapendekeza laini ikibadilishwa, kutoa pesa kuzuiwe kwa muda na mteja apigiwe simu.

Tumekuwa tukitumia Excel miaka yote. Tuhame vipi?

Polepole, na bila kuidharau Excel yenu. Ndani yake mna maamuzi ambayo hayajaandikwa popote kwingine: punguzo la ada la mteja fulani wa zamani, safu iliyofichwa ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nini. Twakaa na aliyeitunza, na mara nyingi ni mtu mmoja, naye anakaribia kustaafu.

Kisha mifumo yote miwili yaendeshwa sambamba. Kila jioni twalinganisha salio la kila mteja, si jumla tu, kwa sababu jumla yaweza kuwa sawa huku wateja wawili wamebadilishana pesa. Tofauti kila moja huandikwa sababu yake. Wakati mwingine Excel ndiyo iliyokosea, na hapo meneja ndiye wa kuamua namna ya kuwaambia wateja. Ushauri wetu ni waambiwe. Mifumo ipite pamoja angalau mwisho mmoja wa robo mwaka, maana ada na taarifa za robo hufichua yasiyoonekana siku za kawaida.

Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wote kwenda mfumo mpya Aprili 2018, wengi wakafungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Ile ilikuwa benki yenye wahandisi tele. Hofu kidogo si aibu.

Ni sheria zipi mnazozingatia?

Zinazotugusa kila siku ni Kanuni za Mifuko ya Uwekezaji ya Pamoja za 2023 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ile ya data tuliyoitaja, na sheria ya 2009 dhidi ya fedha haramu. Hii ya mwisho imekazwa tangu Februari 2024, Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa dhidi ya fedha haramu. Wazo lenu likiwa jipya mno, Mamlaka ina utaratibu wa majaribio ulioanza 2019 unaoruhusu kujaribu bidhaa kwa wateja wachache chini ya uangalizi. Wanasheria wenu wasome. Sisi twageuza kila kifungu kuwa jaribio.

Kwa nini Malindi na si Nairobi?

Kwa sababu kwetu ni hapa. Nyaya za intaneti za baharini hutua Mombasa, kabla ya kufika Nairobi. Na kaskazini yetu, Ngomeni, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco tangu 1967. Ile iitwayo Uhuru iliondoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Pwani hii si ngeni kwa hesabu kali.

Umeme ukikatika je?

Hukatika. Agosti 2023 ulizimika karibu nchi nzima. Seva haziko ofisini kwetu, kompyuta zetu zina betri, na kila mfumo twaupima kwa kuuzima katikati ya hesabu ya usiku. Ukiwaka, uendelee pale ulipoachia au urudie kutoka mwanzo, lakini usiwagawie watu faida ya siku moja mara mbili.

Mwapimia simu gani?

Za bei nafuu, zilizojaa picha za harusi, zenye kioo kilichopasuka. Mara kwa mara twachukua boti kutoka Lamu kwenda Pate na Faza tukiwa na programu mkononi, maana mtandao wa njiani huja na kuondoka kwa namna ambayo maabara haiwezi kuigiza vizuri. Twabonyeza "toa pesa" mtandao ukikaribia kupotea. Mteja aambiwe wazi ombi limepokewa au halikupokewa. Duara linalozunguka bila mwisho humfanya abonyeze tena.

Mwanangu amemaliza kidato cha nne na apenda kompyuta. Aweza kazi hii?

Aweza, mzazi wangu. Aanze na hesabu za biashara, kisha msingi wa upimaji wa ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji wa programu, kisha lugha moja ya programu aijue vizuri. Waliokulia nyuma ya kaunta ya duka la baba hutufaa sana. Wamezoea droo isipolingana na daftari kutafuta shilingi kumi hadi ionekane.

Kazi yachukua muda gani na bei yake?

Hatutaji bei kabla ya kuona kanuni za hesabu zilizoandikwa. Zikiwa hazipo, kuziandika ndiyo kazi ya kwanza, na hulipiwa peke yake.

Matoleo mapya mwayatoa siku gani?

Jumanne au Jumatano, asubuhi, baada ya hesabu ya usiku kulingana. Ijumaa hapana, siku tatu za mwisho wa mwezi hapana, na siku za Maulidi ya Lamu katika Mfungo Sita usitupigie kabisa kuhusu toleo. Nusu ya timu iko huko, na nusu iliyobaki yatamani kuwa huko. Jambo la dharura, kama salio lisilo sahihi, lina namba yake ya simu kwenye mkataba na hupokewa saa yoyote.